Leta Maji Mengine

Minza,

Salamu ulishanipa asubuhi ukitoka, nami nikakuitikia marahaba huku nimekupa mgongo, najifanya natafuta mfuniko wa sufuria. Mfuniko nilikuwa nao mkononi. Basi tusirudie salamu. Sasa hivi wewe na baba yako mko Didia kwa bibi yako, mmekwenda kuaga, na najua ameshakukalisha chini anakulisha michembe ya viazi na karanga mpaka ukome. Mimi nimekaa mlangoni kwenye kigoda, saa kumi ya jioni, na daftari lako la zamani la Baiolojia. Lilibaki na kurasa tupu nyuma. Usije ukaanza kunisahihisha mwandiko. Mimi niliishia darasa la saba, na peni hii uliyoiacha inaruka.

Mambo ya safari siandiki. Nauli, kufunga begi, usimpe mtu simu akushikie, usishuke kila basi likisimama, hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimeshika. Hata nikiwa nimelala nayasikia." Haya, yameisha. Nataka kuandika lile ambalo mdomo wangu umegoma kulisema. Kila nikifungua kinywa nilitoe, linageuka amri ya kufagia uwanja. Umeona mwenyewe, jana uwanja ulifagiliwa mara tatu.

Ni habari ya ile meseji.

Lakini siwezi kuanza na meseji, lazima nianze mwaloni, kwenye madimbwi yetu ya kuoshea mchanga. Wewe umekulia pale. Umejifunza kutembea katikati ya makarai na marundo ya mchanga, na wale wenzangu tunaoosha nao dhahabu walikuwa wanakufunga khanga kiunoni na kuishika ncha, usije ukatumbukia kwenye dimbwi. Umeona watu wakija na kopo moja tu la mawe yaliyosagwa, la kuonjea: "Mama Minza, hebu niangalizie." Nazungusha karai, namwaga maji ya juu, nazungusha tena, mpaka unabaki ule mchanga mweusi wa chini. Hapo ndipo dalili inapotokea, au haitokei. Mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea nguo.

Sasa kuna kitu miaka yote hiyo hukukijua, maana sikukuambia. Mstari ukitokea mimi sisemi nimeona. Namwambia mwenye mawe, "Leta maji mengine." Basi. Akisikia hivyo anajua. Anachukua ndoo, anakwenda kisimani polepole, akirudi anakinga mchanga wake, anaondoka kama mtu aliyekosa. Pasipokuwa na kitu, hapo sasa napaza sauti kila mtu anisikie: "Haya, mwaga!" Utaratibu huo niliuanzisha mimi. Niliuanzisha kwa sababu kuna siku nilipiga kelele.

Ulikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza umeingia darasa la kwanza. Baba yako na wenzake watatu walikuwa na duara lao, shimo refu la kutisha, wamelichimba miezi na miezi kwenye shamba la mzee mmoja kwa makubaliano ya mdomo tu. Kila wiki ananiletea kopo, kila wiki hamna kitu. Tulikuwa tumechoka, Minza. Tulikula ugali kwa mlenda mpaka wewe ukauliza kama duniani kuna mboga nyingine. Halafu Jumamosi moja, mwaloni pamefurika watu, nazungusha karai la baba yako, naona njano. Haikuwa uzi, ilikuwa utepe. Nikasimama wima na karai langu nikapiga kelele: "Imo! Imo! Jamani, imo!" Nikashushia na vigelegele, na wanawake wenzangu wakaitikia. Baba yako akaja mbio ananiziba mdomo kwa kiganja kilichojaa tope, na mimi badala ya kunyamaza nikazidi kucheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumapili tulipotoka kanisani, lile shamba lilikuwa limejaa watu wenye sululu, hata sijui walitoka wapi. Mzee mwenye shamba akasema yeye hakumbuki makubaliano yoyote na mtu yeyote. Kufika Jumatano wameshakuja wenye pampu na jenereta, na baba yako na wenzake wamesimama mbali wanaangalia. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini duara lilikwenda.

Na baba yako hakunilaumu. Hata neno moja hakusema, na ni afadhali angesema. Alifunga nguo zake akaenda kwenye rashi nyingine, machimbo mapya yaliyolipuka huko Geita, akakaa miezi saba hajatuma hata salamu. Wewe ukiuliza, nakujibu, "Baba yuko Isaka anapakia malori." Uongo mtupu. Sikujua alipo. Siku aliyorudi ulikuwa shuleni. Alisimama hapa hapa mlangoni nilipokaa sasa, hata kofia hajavua, akasema, "Mama Minza, nimerudi mikono mitupu. Nilikuwa naona aibu." Nikamwambia, "Ingia ule." Hayo tu ndiyo tuliyozungumza siku hiyo. Baadaye ndipo akaenda Isaka kweli kupakia malori, nikaonekana kumbe nilikuwa nabashiri.

Tangu siku ile ya kelele, neno "imo" sijalitamka tena. Na kimya kilinipa heshima, nisikufiche. Watu wanatoka mbali, mpaka Geita huko, wanauliza yuko wapi yule Mama Minza asiyesema. Kwa mawe, kimya ni akili. Kosa langu ni kwamba nilikibeba mwaloni nikaja nacho nyumbani, nikakitandika kila mahali.

Unakumbuka ulipokuwa wa kwanza kidato cha pili? Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia mbele yako, nami nikakugeukia nikasema, "Haya, twende ukachote maji." Ulinuna njia nzima. Ulidhani sijafurahi. Minza, usiku na mchana nilikuwa nalirudia jina lako moyoni. Nilikwenda nyuma ya choo nikacheza peke yangu, mama mzima, khanga imenidondoka, na jogoo wa jirani ndiye shahidi. Lakini wewe hukuniona. Sasa inanisaidia nini kwamba nilicheza, kama aliyeniona ni jogoo?

Basi ndiyo meseji.

Maombi ya chuo tulijaza kwa dada wa steshenari, pale karibu na soko, na kwa kuwa simu yako ilikuwa imepasuka kioo, tukaandika namba yangu. Iliingia siku ya Alhamisi, saa nne hivi ya asubuhi, mikono yangu imejaa tope. Nikajifuta kwenye khanga nikasoma. Hongera. Umechaguliwa vyuo viwili. Chagua kimoja, thibitisha kwa kutumia namba hizi, kabla ya tarehe fulani. Nikasoma tena kwa kidole, neno moja moja. Wewe ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo, umeinama unasuuza magunia. Ukainua kichwa ukauliza, "Nani, mama?"

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Hamna. Hebu leta maji mengine."

Ukachukua ndoo ukaenda. Nilikuangalia unavyokwenda, gauni limelowa magotini, nikajisemea: mwanangu ana mstari wa njano, na hapa hakuna atakayejua mpaka nafasi ishike.

Neno "thibitisha" nililiona, nisikudanganye. Nilidhani wao ndio watakaothibitisha. Kwa kazi yangu mimi, dalili haijibiwi. Dalili unainyamazia, unaendelea kuosha, mpaka dhahabu yenyewe uishike kwa vidole. Ikaja meseji ya pili ya kukumbusha. Mimi nikafurahi! Nikasema, haya, sasa inazidi kunoga, kaza mdomo Mama Minza. Toba! Watu wanakuita mlangoni kwao, mimi najificha uvunguni nasema kimya kimya, wasitusikie.

Kila jioni unaniuliza, "Mama, simu haijaita?" "Haijaita." Nilikuambia hivyo nakutazama usoni. Ukaanza kukonda. Nikakusikia unamwambia baba yako akutafutie kazi yoyote Isaka, hata ya kuhesabu magunia yakishuka kwenye treni, na baba yako akakuulizia, na wakakubali. Bado nikanyamaza. Nikasema ngoja ishike, nitamshtukiza.

Halafu siku ile ukakutana na dada wa steshenari sokoni. Alichokuambia ulinisimulia baadaye: "Minza, mbona hukuthibitisha? Jana wamefunga!" Nilikuona unakuja kwa mbali. Hukuja mbio, ulikuja unatembea. Ukafika ukasema, "Shikamoo mama," kwa adabu zote, na ile adabu ndiyo iliyonitisha. "Naomba simu." Nikakupa. Ukasoma ya kwanza, ukasoma ya pili. Ukanirudishia kwa mikono miwili. Ukasema, "Mama, mimi si duara."

Nilikujibu vibaya. "Unanijibu hivyo mimi?" Nikafoka mpaka kuku wakatawanyika. Nikakuambia habari za vijicho vya watu, nikakuambia hujui dunia, nikakuambia nilikuwa nakulinda. Siku tatu hukuniuliza hata chumvi iko wapi. Na mimi siku hizo tatu nilikuwa nafanya kazi na lile neno lako, nalizungusha, namwaga maji, nalizungusha, na kila nikilitazama naona ni kweli tupu.

Msamaha nilikuomba, unakumbuka, siku ya nne, ukiwa unasonga ugali. Ukasema, "Yameisha, mama." Lakini sikukuambia yote. Nilikuomba msamaha wa nusu, na barua hii ni kwa ajili ya ile nusu iliyobaki.

Ni hivi. Nilikuwa nakulinda, ndiyo. Kuhusu kuthibitisha sikuelewa, ndiyo, ni kweli. Lakini zile siku ulizokuwa hujui, tunaosha pamoja, tunagawana mhindi mmoja wa kuchoma, wewe unawaigiza wateja wangu mpaka nashika mbavu, mimi nilikuwa na raha. Kuna upande wangu ulikuwa unaomba ile meseji iwe ya uongo. Nilitaka uende na nilitaka usiende, na siku zilivyokuwa zinapita nikawa sijui naombea lipi. Nikiinama kuosha naomba uende. Nikiinuka nikakuona, naomba ubaki. Hicho hakikuwa kimya cha mwaloni, mwanangu. Ule ulikuwa uchoyo. Nilitaka kukuweka kwenye kopo nikufunike. Nisamehe, ng'wanawane, mwanangu wee. Sasa nimekuomba msamaha mzima.

Mungu si mchoyo kama mimi, awamu ya pili ya maombi ikafunguliwa. Ukajaza tena, kwa namba yako mwenyewe safari hii, na sikuona vibaya, ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Wiki iliyopita simu yako ikaita tukiwa mwaloni. Ukanitazama kwanza. Halafu ukaweka sauti ya juu, mbele ya watu wote, na mimi nilielewa unanifundisha nini. Yule mama wa chuo akasema, "Jina lako limo kwenye orodha ya awali. Njoo Dodoma na vyeti halisi tuvihakiki, ndipo tuthibitishe." Ukamuuliza, "Kwa hiyo nimepata?" Akacheka. "Sijasema umepata, binti. Nimesema limo."

Limo! Loo, nilishika ukingo wa karai kwa mikono yote miwili. Miaka yote hii nalikimbia neno hilo, kumbe limezunguka likaja kunipigia simu.

Kwa hiyo kesho unaondoka na dalili. Chuo chenyewe bado. Hayo mambo ya maabara unayoyataka, kupima damu za watu kwenye vioo, bado. Una dalili tu kwenye bahasha ya kaki, na mimi katika dunia hii kitu pekee ninachokijua vizuri ni dalili. Nimeona mtu ameona uzi wa njano, jioni ile ile ameshamposa mke wa pili. Nimeona mwingine ameona utepe akaogopa, akamwaga karai zima majini, akalia kama mtoto. Hao wote niliwacheka. Mimi niliyeishika meseji siku zote zile mpaka ikafa mkononi, ndiye niliyewacheka.

Nimechelewa kujua kwamba kuna dalili zinazotaka kujibiwa. Wakikuuliza kitu, wajibu. Wakinyamaza, wewe waulize, tena waulize hata kama wanakuona msumbufu. Ukiwa hujaelewa neno, sema sijaelewa. Mimi neno moja tu lilinishinda nikaona aibu kumuuliza mtoto wangu aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu, na aliyelipa ni wewe.

Na kama watakagua vyeti waseme samahani, halimo tena, nafasi zimejaa? Baba yako hataki hata nilitaje hili, anasema nakuchuria. Lakini mimi nililala peke yangu miezi saba kwa sababu mtu mzima aliona aibu kurudi na mikono mitupu, kwa hiyo nitaliandika. Usikae Dodoma unazunguka kwa rafiki wa rafiki ukitafuta cha kuja nacho. Panda basi urudi. Sitakuuliza kitu. Nitakuambia neno lile lile nililomwambia baba yako, na chakula kitakuwepo, na siyo mlenda, nakuahidi.

Kuna jambo jingine dogo. Zile glovu ulizoninunulia kwa ajili ya zebaki ya kukamatia dhahabu, ulizoniambia nivae kila siku mpaka nikakuambia nyamaza daktari, nilizificha juu ya kabati. Leo nimezishusha. Nimezivaa nikaenda nazo mwaloni asubuhi, wenzangu wamenicheka wakaniuliza naenda kuzalisha nani. Nitazoea. Mikono hii imeanza kutetemeka, umeiona kabla yangu ukaogopa kunitajia, basi nayo tusiifiche. Ukishajua kupima, utaanza na mimi.

Kesho baba yako hatakuwepo stendi, ana zamu. Ataishia Isaka leo mkitoka Didia, wewe utakuja peke yako. Amesema basi likipita Isaka asubuhi atakuwa amesimama kando ya barabara na kile kizibao chake cha rangi ya chungwa. Nitakuambia ukae dirishani. Hatapunga mkono, unamjua, atavua kofia tu.

Barua hii nitaikunja niiweke katikati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha sita, kwa hiyo utakapoiona utakuwa umeshafika, au umeshindwa kuvumilia ukafungua bahasha njiani. Kwa vyovyote vile utakuwa umeshaaibika. Nakuomba radhi mapema. Ndiyo maana naandika, ujue kwamba mama yako hakupata wazimu.

Maana nimeshaamua. Kesho basi likiwasha moto, pale stendi na watu wote wale, wapiga debe, wauza maji, wapangaji wenzetu, na yule jirani wa jogoo, sitakuambia ukachote maji. Nitavua viatu nisimame juu ya benchi. Nitapiga kelele lile neno nililolizika na duara la baba yako, ila safari hii limebadilika mdomo kidogo kwa sababu wewe si jiwe: "Yumo! Jamani, yumo! Mwanangu yumo!" Na vigelegele juu. Mtu akiniuliza yumo wapi, nitamwambia sijui, wanahakiki vyeti kwanza, lakini yumo.

Chuo watathibitisha wakimaliza kukagua. Mimi nilitumiwa meseji nikachelewa kuijibu. Nathibitisha kesho, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sauti yangu yote.

Ni mimi,
Mama Minza